Kumbe penzi langu lilikuwa jalalani!

Mimi wiki hii sina hamu.

Jumamosi nilikuwa ndani ya mwendokasi natokea Kariakoo, mara nikakumbana uso kwa uso na shoga yake mwandani wangu. Hata salamu hakunipa. "Shemeji una roho ya jiwe! Mwenzio kakuandikia mara tatu kwenye blogu yako, wewe kimya!"

Nikaduwaa. Ni kweli tuligombana mwezi uliopita, akaenda kwa mama yake Morogoro. Wiki hiyohiyo simu yangu ikakwapuliwa, na namba yake ikaenda nayo (nani anakariri namba siku hizi?). Nikajua kaninunia.

Nikakimbilia Sinza kwa mshikaji wangu, fundi wa kompyuta. Akaniambia blogu kama yangu, ya WordPress, tangu toleo la 4.7 la Desemba 2016 ina mlango unaoitwa API. Ni kama dirisha la duka la Mangi. Huingii ndani kupekua mashelfu. Unasimama nje ya nondo, unataja unachotaka, unaletewa. Mwisho wa anwani ya blogu unaongeza /wp-json/wp/v2/comments, halafu ?search= na neno unalolitafuta.

Tukaandika jina lake la utani. Hola! Hakuna kitu.

"Bro," mshikaji akaniuliza, "kuna neno lolote ulilipiga marufuku?"

Hapo jasho likanitoka. Miezi michache nyuma wahuni walikuwa wanamwaga matusi kwenye maoni, nami nikaingiza neno moja la herufi nne kwenye orodha ya marufuku. Mhariri hataniruhusu niliandike, lakini chukua neno "kumaliza", funika herufi nne za mwisho kwa kidole, utaliona. Sasa orodha ile haina ubongo. Ikilikuta tusi hata ndani ya neno la heshima, maoni yote yanakwenda jalalani, wala hupati taarifa. Pale kwenye mipangilio wameandika wazi kwamba inakamata hadi ndani ya maneno. Nani alisoma?

Na API usipoiambia vingine inakuletea maoni yaliyokubaliwa tu. Ya jalalani inabidi uyaombe kwa status=trash, tena uoneshe nywila kwamba wewe ndiye mwenye duka. Tukaonesha. Tukatafuta "kumaliza", yakaja kumi. Mshikaji akacheka, akaongeza per_page=100, kwa sababu bila hivyo inakupa kumikumi. Yakaja 61! Watu wazima na heshima zao, wengine wanauliza dakika za kumalizia wali wa nazi, wote niliwatupa kama wahuni.

Tukarudia jina lake. Mawili.

La pili kuandika: "Nipo tayari kumaliza ugomvi. Jumapili nitakusubiri palepale." Jumapili yenyewe ilishapita mara mbili, na palepale ninapajua. La tatu: "Kama hutaki kumaliza, namba yangu ni hii, nirudishie begi langu."

La kwanza je? Mshikaji akanionesha kalenda. Jalala lile likikaa na kitu siku 30 linakifuta moja kwa moja, na ugomvi wetu ulishatimiza siku 33. Dirishani hata uombe vipi, Mangi hana.

Nililitoa lile neno kwenye orodha ya marufuku palepale, nikalihamishia kwenye ile ya kusubiri, ambako maoni yanakaa hadi niyasome mwenyewe. Halafu nikapiga ile namba. Nikaeleza yote, Mangi, nondo, herufi nne. Akacheka hadi nikapata moyo, nikamuomba anirudie lile la kwanza.

Akanyamaza kidogo.

"Lile ndilo lilikuwa na maneno," akasema. "Lete begi."