Mahojiano ya Video Hayajafuta Umbali

Mahojiano ya kazi kwa njia ya video yalishika kasi nchini Kenya baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa tarehe 13 Machi 2020. Janga lilipita, mtindo ukabaki. Imebaki pia imani kwamba anayeomba kazi akiwa Maua au Siakago sasa yuko sawa na aliye Nairobi, mradi ana simu janja, na kwamba kwa kuwa harauki tena usiku kupanda matatu, ametuliwa mzigo. Imani hiyo ni potovu, na inawanyima vijana wa Meru na Embu kazi wanazozistahili.

Kilichoondolewa ni safari tu. Kutoka mji wa Embu hadi Nairobi ni kama kilomita 120. Kutoka Meru ni zaidi ya 200. Hata hivyo, aliyefika Nairobi alikuta chumba tulivu, taa na kiti vilivyoandaliwa na mwajiri. Kwenye video, yote hayo huandaliwa na mwombaji, kwa pesa zake.

Mtandao ndio mtihani wa mwanzo. Miteremko ya Mlima Kenya ni migongo na mabonde, na simu inayoshika vizuri juu barabarani huweza kupoteza mawimbi mtu akishuka kuelekea mtoni. Kutuma ujumbe wa WhatsApp hakupimi chochote, maana ujumbe husubiri mtandao urudi, video haisubiri. Kipimo cha kweli ni kumpigia rafiki simu ya video siku moja kabla, saa ileile na mahali palepale, kwa nusu saa nzima. Bando nalo lisiwe la kubahatisha: saa moja ya video inaweza kula karibu GB moja. Stima ni vivyo hivyo. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, kwa hiyo simu hujazwa chaji usiku wa kuamkia mahojiano.

Sauti husahaulika zaidi. Mvua ya Aprili au Novemba ikianza kupiga mabati, jopo halisikii jibu hata liwe zuri namna gani. Spika za masikioni zenye maiki husaidia, na chumba chenye dari husaidia zaidi. Wengi hukimbilia saiba, wakajibu maswali huku printa ikilia na wateja wakipita nyuma yao. Heri kuazima chumba kwa jamaa au ofisi ya kanisa. Dirisha liwe mbele ya uso, kwani likiwa mgongoni mtu huonekana kama kivuli. Simu iegemezwe imara, kamera ikiwa usawa wa macho.

Hata hivyo, hayo yote hayajibu swali hata moja. Upotovu mkubwa zaidi ni kudhani kwamba kwenye video mtu anaweza kusoma majibu yaliyobandikwa ukutani. Macho yanayohamahama huonekana, na sauti ya kusoma hujulikana. Kinachofaa ni kupitia tangazo la kazi sharti kwa sharti, na kwa kila sharti kutayarisha mfano mmoja wa kazi halisi. Aliyefanya mafunzo ya kazini katika kiwanda cha chai aeleze alichopima, kosa aliloligundua na hatua aliyochukua, kisha afanye mazoezi ya kuyasema hayo kwa sauti mbele ya kamera. Vyeti na kitambulisho viwe mezani.

Waajiri nao wana deni. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza kumbagua mwombaji kwa misingi kama kabila, jinsia au ulemavu. Hakisemi lolote kuhusu mtandao dhaifu. Pengo hilo lizibwe kwa uungwana: notisi ya siku kadhaa, nambari ya kupigia laini ikikatika, na nafasi ya kurudia swali lililomezwa na mtandao. Serikali za kaunti na vyuo vikuu, cha Embu na kile cha Meru kilichoko Nchiru, vingewatendea haki wahitimu kwa kuwatengea chumba kimoja tulivu chenye intaneti. Hadi hapo, mwombaji asidanganywe kwamba video ni kazi nyepesi. Ajiandae kwa bidii ileile ambayo angesafiri nayo hadi Nairobi, na zaidi.