Nani Aseme "Ni Mpango wa Mungu"?



Nilipokuwa frateri katika mwaka wa uchungaji, nilitumwa kusali pamoja na jumuiya ndogo ndogo katika familia moja iliyofiwa. Marehemu alikuwa kijana dereva wa bodaboda, mtoto wa kiume wa pekee. Niliongoza sala, nikasoma Injili, kisha nikamgeukia mama yake nikamwambia, "Mama, jipe moyo, huu ni mpango wa Mungu." Aliinua uso, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Frateri, ni mpango gani huo usiowezekana mpaka mwanangu afe?" Sikuwa na jibu. Mwenyekiti wa jumuiya akaanzisha wimbo, nami nikashukuru moyoni kwa kuokolewa na wimbo ule.

Swali la mama yule sijalisahau. Wala sijaacha kuamini kwamba Mungu aweza kutoa jema hata pale tunapoona giza tupu. Hiyo ni imani ya Kanisa. Lakini nimejifunza kwamba Maandiko Matakatifu yana utaratibu wake katika jambo hili. Yanatuonyesha ni nani husema kwamba Mungu alikuwa na kusudi katika mateso, na husema wakati gani. Sisi tunaohubiri na kufariji mara nyingi tunauvunja utaratibu huo.

Tuanze na Yosefu, kwa kuwa ndiye tunayemkimbilia wote. Alikuwa na miaka 17 ndugu zake walipomtupa katika kisima kikavu, kisha wakamuuza kwa vipande 20 vya fedha. Alipofikishwa mbele ya Farao alikuwa na miaka 30. Ikafuata miaka saba ya shibe na miwili ya njaa, ndipo alipojitambulisha kwa ndugu zake na kuwaambia kwamba Mungu alimtanguliza Misri ili kuokoa maisha ya watu. Piga hesabu, ndugu msomaji: ni miaka kama 22 tangu kisima hadi neno lile. Na lile neno lake mashuhuri la Mwanzo 50:20, kwamba wao walikusudia mabaya lakini Mungu alikusudia mema, alilisema baada ya kifo cha baba yao, miaka mingine 17 baadaye. Katika homilia sisi tunatoka kisimani hadi ikulu ya Farao kwa dakika kumi.

Na katika miaka ile yote, nani alimweleza Yosefu sababu ya mateso yake? Hakuna. Mnyweshaji wa Farao alimsahau gerezani miaka miwili mizima. Maandiko yanasema juu ya gereza lile kwamba Bwana alikuwa pamoja naye. Yosefu hakupewa maelezo; alipewa Mungu wa kukaa naye. Maelezo yalikuja baadaye sana, naye aliyatoa kwa kinywa chake mwenyewe, akilia kwa sauti hata nyumba ya Farao ikasikia.

Sasa tujiulize: kama maneno yale yangesemwa na ndugu zake? Wanaketi kando ya kisima wanakula, mdogo wao anawasihi kutoka chini, nao wanamjibu, "Tulia, ni mpango wa Mungu." Hapo yangekuwa kufuru. Maneno ni yale yale, ila kinywa ni kingine na wakati ni mwingine. Nalisema hili kwa sababu linatokea. Mke anapigwa nyumbani, anakuja kuomba ushauri, anaambiwa abebe msalaba wake. Mfanyakazi wa ndani anadhulumiwa mshahara, anaambiwa Mungu anampima imani. Aliyeumia anafundishwa subira, na aliyemuumiza haguswi. Yosefu hakufanya hivyo. Kabla ya kutaja wema wa Mungu, aliutaja ubaya wa ndugu zake kwa jina lake: mlikusudia mabaya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 311 na 312, inafundisha kwamba Mungu si chanzo cha uovu wa kimaadili kwa namna yoyote, bali anajua kutoa jema ndani yake. Na mfano inaoutoa ni huyu huyu Yosefu. Uovu haugeuki kuwa mwema kwa sababu Mungu ameushinda.

Hadithi haiishii Misri. Aliyetoa shauri la kumuuza Yosefu alikuwa Yuda. Baadaye Yuda huyo anamdhulumu Tamari, mke wa mwanawe aliyefariki, na inambidi akiri kwamba mwanamke yule ana haki kuliko yeye. Ni Yuda huyo huyo anayesimama Misri na kuomba awe mtumwa badala ya Benyamini, ili baba yake asife kwa huzuni. Muuzaji wa ndugu amekuwa mdhamini wa ndugu. Naye na watoto wake wanaokolewa na njaa kwa nafaka ya yule aliyemuuza. Miongoni mwa watoto hao yumo Peresi, aliyezaliwa na Tamari.

Vizazi kadhaa vinapita. Njaa inaingia tena, safari hii Bethlehemu, mji ambao jina lake maana yake ni nyumba ya mkate. Naomi anakimbilia Moabu na mumewe na wanawe wawili. Baada ya miaka kama kumi anarudi bila mume, bila watoto, akiwa na mkwe tu, Ruthu. Wanawake wa mji wanapomwita Naomi anakataa. Anataka aitwe Mara, yaani uchungu, kwa sababu Mwenyezi amemtendea kwa uchungu. Naomba waseminari mlitazame hili vizuri. Hakuna anayemkemea. Hakuna anayemwambia asikufuru. Malalamiko yake yameandikwa ndani ya Biblia na tunayaita Neno la Mungu.

Kisha Ruthu anaolewa na Boazi, wa ukoo wa Peresi, anamzaa Obedi, na Naomi anampakata mtoto na kuwa mlezi wake. Obedi atamzaa Yese, na Yese atamzaa Daudi. Naomi alipata mjukuu wa kupakata. Biblia haisemi kwamba aliishi kumwona mfalme. Wala Tamari hakujua kwamba siku moja Mathayo angemwandika, pamoja na Ruthu, katika ukoo wa Yesu Kristo. Kusudi la Mungu lilikuwa kubwa kuliko umri wao. Wapo ndugu zetu ambao watakufa hawajaona kwa nini, na hiyo si dalili kwamba imani yao ilikuwa haba.

Ukoo huo unatufikisha kwa Yesu, naye pia aliuzwa kwa fedha, na muuzaji naye akiitwa Yuda. Siku ya ufufuko anaungana na wanafunzi wawili waendao Emau. Yeye ndiye anayejua maana yote, lakini haanzi kufundisha. Anauliza wanazungumza nini. Anawaacha waseme huzuni yao mpaka mwisho, pamoja na lile tumaini lililovunjika. Ndipo anapowafafanulia Maandiko. Na macho yao yanafunguka si wakati wa mafundisho, bali mezani, anapoumega mkate.

Basi ushauri wangu kwa mafrateri, makatekista na viongozi wa jumuiya ni huu. Tukienda msibani, tuketi. Tupeleke unga, maji na kuni. Tuulize habari za marehemu na tusikilize. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku saba kimya, wakakosea walipoanza kumweleza. Kusudi la Mungu tulihubiri Jumapili, katika mafungo na katekesi, ili watu wawe nalo akibani kabla ya njaa. Lakini siku ya kilio, tumwachie mwenye kilio aseme mwenyewe, akiwa tayari.

Siku ya arobaini nilirudi kwa mama yule. Sikumpa fundisho lolote. Nilimwomba anieleze mwanawe alikuwa mtu wa namna gani. Alizungumza mpaka jua likazama, na aliponisindikiza akaniambia, "Leo umekuja, Frateri."