Shilingi Nne za Mtoto



Mwezi uliopita, asubuhi ya Jumanne, tulimkuta msichana wa Gredi ya 5 ameketi kizingitini mwa chuo chetu, saa ambayo wenziwe wote huwa darasani. Alikuwa amevaa sare ya shule na juzuu yake ameipakata. Tulipomuuliza kulikoni, alisema amerudishwa kwa ajili ya pesa za mtihani na za mlinzi, na kwamba mamake yuko sokoni na bado hana habari. Tukamwambia aingie akae na wale wadogo wanaoanza alifu. Alasiri mamake akaja, na kabla hajakaribishwa mkekani akatuuliza: "Sheikhe, redioni nasikia skuli ni bure na mabilioni yametengwa. Mimi naitishwa mia nne na hamsini. Nani mwongo hapa?"

Hatukuwa na jibu la papo kwa papo. Tulimwomba atupe siku chache tukazitazame hesabu, naye akakubali, kwa sharti tukiandika tusimtaje jina. Haya basi ndiyo tuliyoyapata, na tunayaweka hapa kwa kuwa tunajua swali lake si lake peke yake.

Bajeti ya dola, kwa asili yake, ni ile ile kazi aifanyayo mama mwisho wa mwezi anapokigawa kidogo kilichopatikana: kodi ya nyumba, unga, maji, dawa ya mgonjwa, na akiba ya dharura. Kila ashikapo shilingi moja kuiweka hapa, ameiondoa pale. Tofauti ni kwamba mama huiona sufuria kwa macho yake, na anayeigawa shilingi Nairobi haioni.

Katika bajeti ya mwaka wa 2025/26, iliyosomwa bungeni Juni 2025, elimu ilitengewa shilingi bilioni 702.7, katika bajeti ya jumla ya takriban trilioni 4.29. Ni karibu shilingi moja katika kila sita. Mtu akiisikia hesabu hiyo redioni huona kweli neema imeshuka. Lakini tuifungue bahasha. Bilioni 387.8 kati ya hizo zilikwenda kwa Tume ya Huduma za Walimu, ambazo kwa wingi wake ni mishahara. Hiyo ni zaidi ya nusu, na hatuwaonei walimu kijicho. Shule bila mwalimu ni kuta. Elimu ya sekondari za kutwa ilipata bilioni 51.9, sekondari msingi bilioni 28.9, na chakula cha shuleni bilioni 3. Na elimu ya msingi bila malipo, ile ya Gredi ya 1 hadi ya 6, ambamo yumo binti yetu wa kizingitini? Bilioni 7. Katika kila shilingi 100 za elimu, yake yeye na wenziwe wote wa nchi nzima ni shilingi 1.

Sasa tuishushe hesabu hiyo hadi kwa mtoto mmoja. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, kila mwanafunzi alihesabiwa shilingi 1,020 kwa mwaka. Leo anahesabiwa 1,420. Miaka zaidi ya 20 imepita, na nyongeza yote ni shilingi 400. Mama mwenye kumbukumbu na akumbuke pakiti ya unga ilikuwa bei gani mwaka ule. Ukizigawa hizo 1,420 kwa siku za mwaka, hazifikii shilingi 4 kwa siku. Andazi moja la shilingi 10 ni zaidi ya siku mbili za elimu ya mtoto.

Mwenzake wa sekondari msingi huhesabiwa shilingi 15,042, na wa sekondari ya kutwa 22,244. Hizi nazo zina maneno yake, kwani Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba Hazina haimudu tena hizo 22,244, na kwamba inachoweza ni takriban 16,900. Kauli ile ilizua zogo kubwa, na wakuu wengine serikalini wakajitokeza kusema elimu bila malipo ipo na itaendelea. Sisi tuliiona kauli ya Waziri kuwa ya kushukuriwa, ingawa ilikuwa chungu. Afadhali mzazi aambiwe kilichomo mfukoni kuliko kuahidiwa kisichokuwamo, kisha mwalimu mkuu aachwe akabiliane naye langoni.

Na huyo mwalimu mkuu tumtazame kwa insafu. Tuseme shule yake ina watoto 400. Kwa mwaka anatarajia shilingi 568,000. Utaratibu ni kwamba nusu ije muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, na 20 wa tatu. Yaani 284,000, kisha 170,400, kisha 113,600. Vitabu vya kiada vinanunuliwa na serikali yenyewe, lakini chaki, umeme, maji, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, bati lililong'olewa na upepo wa kusi, vyote vinamngoja yeye. Akimwajiri mlinzi kwa shilingi 12,000 kwa mwezi, robo ya fedha zake zote za mwaka imekwisha kabla hajanunua chaki. Na hayo ni pesa zikija kwa wakati.

Haziji kwa wakati, na sababu mojawapo haisemwi sana. Mwaka wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mwaka wa shule huanza Januari. Kwa hiyo mwalimu mkuu huuanza mwaka wake katikati ya bajeti moja na kuumaliza katikati ya nyingine. Pale Januari anapohitaji ile nusu kubwa, Hazina imo katikati ya safari, kodi hazijakusanywa kama ilivyotarajiwa, madeni yanadai kulipwa kwanza, na bajeti ya nyongeza yaweza kuja ikapunguza kile kilichokwisha kuahidiwa. Sisi Waislamu tumezoea kuishi na kalenda mbili, tukajua kuwa Ramadhani haimsubiri mtu Januari wala Julai, tukajiandaa. Ajabu ni kwamba serikali yenye wasomi wengi hivi haijazipatanisha zake mbili.

Turudi kwa mama yetu. Nani mwongo? Redio haikusema uongo: fedha zimetengwa. Mwalimu mkuu hakusema uongo: hazimtoshi. Lakini yupo aliyekosea, nasi hatutalifumbia macho. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Inaruhusu malipo mengine kwa idhini ya Waziri, baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na papo hapo inasema kwamba mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa kushindwa kuyalipa. Inasema pia kwamba asikusanye mtu malipo bila kutoa stakabadhi. Binti yule alirudishwa, na wazazi waliokwisha kulipa hawakupewa karatasi yoyote. Uhaba ni udhuru wa mambo mengi, ila si wa hilo. Na mtoto wa kike akirudishwa mara tatu, nne, majirani huanza kusema huyu amekua, na asaidie nyumbani. Tumeliona hilo kwa macho yetu, na zaidi ya mara moja.

Suala la kupanga kipi kitangulie si geni katika dini yetu. Baada ya vita vya Badr, Madina ilikuwa na mateka wa Kikureshi mikononi. Mji ulikuwa maskini. Muhajirina waliacha mali zao Makka, na jeshi lilihitaji silaha na vipando. Waliokuwa na uwezo walijikomboa kwa fedha, na wapo waliolipa dirhamu elfu nne. Lakini wapokezi wa sira wamesimulia kwamba wale mateka wasiokuwa na mali na waliojua kuandika, Mtume (s.a.w.) alikubali kikomboleo chao kiwe kuwafundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi. Tuizingatie hali ilivyokuwa. Mateka ni kitu cha thamani, adui angali anajipanga kulipiza kisasi, na mwaka uliofuata kweli alikuja Uhud. Katika dhiki hiyo ndipo kusoma kwa watoto kulipowekwa katika mizani moja na fedha ya vita, na mwalimu mwenyewe si Mwislamu. Mwenye kusema kwamba elimu ya watoto ingoje mpaka nchi itajirike, na aisome upya habari hiyo.

Katiba yetu ya 2010 nayo, katika kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo bure na ya lazima. Haki ikiandikwa katika Katiba haiwi tena sadaka. Ndiyo maana hatufurahii tunapowaona akina mama zetu wamepangwa juani wakipiga vigelegele mwanasiasa anapotoa hundi ya basari kubwa kama mlango. Fedha zile ni kodi yako, mama, uliyoilipa uliponunua sabuni. Basari humfikia anayejulikana na anayejua pa kupeleka fomu. Fedha ya kila mwanafunzi humfikia hata mtoto wa yule asiyejulikana na yeyote. Tungeulizwa sisi, tungeikuza hiyo ya pili kwanza.

Na twaulizwa, hatuendi. Kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka makadirio huwa yamewasilishwa katika Bunge la Taifa, na Katiba, kifungu cha 221, inaiamrisha kamati ya Bunge ichukue maoni ya wananchi kabla ya kuyapitisha. Kaunti nazo zina makadirio yao na vikao vyao. Watu wengi huchanganya: chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la kaunti, kwa hiyo darasa la chekechea likivuja, anayeulizwa ni gavana na mwakilishi wadi, shule ya msingi na sekondari ni serikali ya kitaifa. Tumehudhuria kikao kimoja cha kaunti kilichoitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi. Akina mama walikuwa sokoni na majikoni, ukumbi umejaa wanaume, sisi tukiwamo, na mjadala mrefu kuliko yote ulikuwa wa taa za barabarani. Hakuna aliyetaja choo cha wasichana.

Wapo wanaosema tuachane na serikali, tuwategemee wenye mali wetu na wakfu. Wazee wetu wa pwani waliweka wakfu nyumba na mashamba, na twawaombea rehema. Wakfu ujenge maktaba, usomeshe yatima, uongeze. Lakini ukifanywa badala ya wajibu wa dola, dola itashukuru na kuondoka zake.

Mama yule tulimwandikia hesabu hizi katika daftari, pamoja na maswali matatu ya kuuliza kwenye mkutano wa wazazi: shule imeandikishiwa watoto wangapi, muhula huu imepokea shilingi ngapi, na malipo tunayotozwa yameidhinishwa na nani. Aliogopa, akaenda na dada zake wawili. Mwalimu mkuu, ametuambia, hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alileta faili, akawaonyesha. Malipo yale hayakuwa na idhini, na bodi ikakubali kwamba hakuna atakayerudishwa tena kwa ajili yake. Halafu akawafungulia jambo ambalo sisi wenyewe hatukulifikiria katika daftari letu.

Watoto waliomo darasani ni wengi kuliko wanaohesabiwa Nairobi. Kwa miaka mingi mfumo wa kuwasajili wanafunzi, ule wa NEMIS, umedai nambari ya cheti cha kuzaliwa, na mtoto asiye nacho hakuingia, wala shilingi zake hazikuja. Katika shule ile walikuwa 31. Kwa mwaka ni shilingi 44,020 zisizofika, na watoto hao wanakalia madawati yale yale, wanatumia chaki ile ile, na pengo lao ndilo wazazi wote wanachangishwa kuliziba.

Akalisoma orodha. Jina la binti yake lilikuwa la kumi na tisa. Alizaliwa nyumbani kwa mkono wa mkunga, usiku wa mvua, na cheti kikawa ni jambo la kesho hadi leo. "Kumbe Sheikhe," alituambia, "nimekuwa nikiuliza mabilioni yamekwenda wapi, na mwanangu hayumo hata katika hesabu."

Binti alirudi darasani siku ya pili yake. Mama ameshakwenda mara mbili kwenye afisi ya usajili wa vizazi. Ameambiwa alete kadi ya kliniki, vitambulisho vya wazazi wote wawili na barua ya chifu. Kadi ya kliniki ililiwa na mchwa. Tumekubaliana kwamba Jumatatu twende pamoja naye kwa chifu, na mkunga, ambaye kwa neema ya Mwenyezi Mungu angali hai, amesema atakuja kutoa ushahidi. Wazazi wengine wa ile orodha wanaosoma ukurasa huu, tutakutana barazani mwa msikiti baada ya sala ya alfajiri.