Vidole Vinane na Leso ya Mamangu

Mwezi huu nazungumzia jambo nililolikwepa tangu nianze kuandika safu hii, nalo ni uzito wangu.

Nilipoondoka Mombasa mwaka 2009, mamangu alinipa doti moja ya leso. Nilikuwa nikijifunga kipande kimoja na pindo linazunguka mpaka nyuma ya nyonga. Idi ya mwaka juzi, hapa Leicester, nilitoka kuoga nikajifunga leso ile ile. Pindo zilikutana kwa shida, na nilipopiga hatua paja lote likachungulia. Binti yangu wa miaka tisa akauliza, "Mama, leso imerudi?" Yaani imeruka maji, kama nguo mpya inavyoruka ikifuliwa. Nikamwambia ndiyo, imerudi.

Sisi tuna shida yetu katika jambo hili. Ukienda nyumbani mwembamba, watu wanaulizana kwa sauti ya chini kama mambo huko Ulaya ni magumu. Ukienda mnene, unapokelewa kwa "Mashallah, umenawiri!" Kwa hiyo kila nilipoongezeka nilisifiwa, na sifa nilizipenda.

Hapa Uingereza, mtu wa kati ya miaka 40 na 74 ambaye hana maradhi kama ya moyo au sukari huitwa kupimwa afya kila miaka mitano. Barua ya kwanza niliitupa. Ya pili niliiitikia. Nesi akanipima, nikawa na kilo 96. Kiuno kilikuwa sentimita 108, na kwa mwanamke kikipita 80 hatari huanza kupanda. Akatoa damu ya kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Chini ya 42 uko salama. Ukifika 48 una kisukari. Mimi nilikuwa 46.

"Uko mlangoni," nesi akaniambia, "lakini hujaingia." Akanieleza kwamba mwaka 2002 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani, uliofuata watu zaidi ya 3,000 waliokuwa mlangoni kama mimi. Waliolengwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Nikapiga hesabu kwenye basi. Asilimia 7 ya kilo 96 ni kama kilo saba. Mtu anaweza kilo saba, nikajiambia.

Kumbe kujua ni kitu kimoja na kuamka ni kingine. Nilitafuta hamasa kila mahali. Nilibandika kwenye friji picha ya mwigizaji mmoja mwembamba, watoto wakamchora masharubu. Nikanunua gauni dogo ili linitie aibu kila nikifungua kabati, nikaishia kutofungua kabati. Nikalipia ukumbi wa mazoezi miezi mitatu, nikaenda mara nne. Nikanywa maji ya ndimu na tangawizi niliyouziwa kwenye WhatsApp, nikapata kiungulia. Hamasa zote hizo zilikuwa zikifika Ijumaa, zikikutana na biriani, zinayeyuka.

Mamangu sikumwambia kitu. Yeye ana sukari mwaka wa 17 sasa, na imeshamtoa vidole viwili vya mguu wa kushoto. Lakini mama ni mama. Siku moja tunazungumza kwenye simu akauliza, "Mbona sauti yako imeinama?" Nikamweleza yote, kilo na kiuno na ile 46. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema:

"Mwanangu, mimi vidole viwili nimeshavitoa kwa niaba ya ukoo mzima. Vinatosha."

Akaendelea, "Kesho nikishaswali Alasiri natembea kuelekea Makadara. Nawe utoke huko uliko. Tutakwenda pamoja."

Basi ndivyo tulivyoanza. Ilikuwa Novemba, kwa hiyo saa nane mchana hapa ni saa kumi na moja jioni Mombasa. Mimi hufanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee, na saa nane ndipo ninapoamka, kabla sijawafuata watoto shuleni. Mama alimuuliza daktari wake kwanza, akaruhusiwa kwa sharti la kuvaa viatu vinavyofunika vidole na kuikagua miguu kila usiku. Siku ya kwanza nilitembea dakika 12 kando ya mto karibu na Abbey Park, nikaomba kupumzika. Yeye akacheka. "Unahema kama mbuzi aliyefukuzwa. Kaa kidogo, mimi naendelea."

Nawaambia ukweli, mara nyingi sikutaka kutoka. Mvua ya hapa mnaijua, na kuna siku nilikuwa nimelala saa nne tu. Lakini simu italia, na najua upande wa pili kuna mzee wa miaka 71 mwenye vidole vinane, ameshavaa buibui na amesimama mlangoni ananingoja. Nani angemwambia arudi ndani? Picha kwenye friji haikuwahi kuningoja.

Chakula nacho tulikigusa, ila hatukukifukuza. Nilianza na chai. Nilikuwa nakunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Kijiko ni kama gramu 4, kwa hiyo ni gramu 48 kwa chai peke yake, na mtu mzima hapa anashauriwa asipitishe gramu 30 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Nikashuka kijiko kimoja kila wiki mbili. Sasa nanyweshwa chai kwa watu naiona kama sharubati. Mahamri na mbaazi za nazi zimebaki Jumapili, mahamri mawili, si matano. Wali uko, lakini sahani nusu ni mchicha, kabeji au kachumbari. Kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni makombo ya watoto. Mama wa Kiswahili hamwagi chakula, hivyo tumbo langu lilikuwa ndilo debe. Siku hizi nawapakulia kidogo, wakitaka waongezewe.

Kilo tano zikaondoka. Kisha mizani ikasimama pale pale kwenye 91 kwa wiki sita, na mwezi Februari mama akapata kidonda kwenye mguu ule ule. Daktari akaamuru mguu upumzishwe. Nilishikwa na hofu ambayo sijui nitawaelezaje ninyi mlio mbali na wazazi, mnaijua. Ukiona simu ya ndugu saa za ajabu, moyo unatangulia kupokea. Nikaacha kutembea. Nikarudi kwenye mkate na siagi, nikila nimesimama jikoni.

Siku ya nne mama akapiga. "Mbona hunipigii saa yetu?"

"Mama, si unauguza mguu?"

"Mguu ni wangu. Wako una nini?"

Kwa wiki tano akawa anakaa barazani na mguu umeinuliwa juu ya stuli, mimi natembea naye sikioni. Ananitajia anayepita njiani, nani kaoa, nani kahamia Kisauni, na bei ya nazi Marikiti imefika wapi. Nilikuwa napita kwenye baridi ya Leicester huku naiona Majengo. Ndizo wiki nilizofika dakika 40 bila kujua. Kidonda kikafunga, alhamdulillahi, na kidole cha tatu kikabaki mahali pake.

Baada ya miezi kumi nilirudi kwa nesi na kilo 88. Kipimo cha damu kilisoma 41. Bado mimi ni mama mnene, na nitakuwa napimwa kila mwaka, maana mlango haujahama. Ila nimesogea hatua kadhaa nyuma.

Wewe unayesoma na unaanza, ushauri wangu ni mdogo. Kama uliitwa ukapimwe, nenda. Kama unatumia dawa za sukari au una tatizo la miguu, muulize daktari kabla hujabadilisha chakula au kuanza mazoezi. Na hamasa usiitafute kwa mtu usiyemjua. Tafuta mtu atakayeona usipotokea. Mwanafunzi aliye peke yake bwenini anaweza kutembea na dada yake aliye Tanga au rafiki aliye Doha, kila mmoja na simu yake. Niandikieni mnitajie wa kwenu ni nani.

Juzi nilijifunga ile leso. Pindo limevuka nyonga, halijafika nyuma, lakini limevuka. Binti yangu akanipiga picha nikamtumia mama. Nikangoja anisifu. Ujumbe wake wa sauti ukaja baada ya nusu saa:

"Mashallah, mwanangu, nimeiona. Lakini mbona shingo imekuwa nyembamba hivyo? Huko unakula kweli?"

Tukutane mwezi ujao.