Mita 60 za mto zipimwe kabla ya kuuza, si baada ya kujenga

Viwanja vya mabondeni jijini Dar es Salaam vina msimu wake wa kuuzika. Kati ya Juni na Septemba ardhi imekauka, mto umebaki mkondo mwembamba, na dalali anaweza kumtembeza mnunuzi kiwanja kizima bila kulowanisha kiatu. Bei ni ya chini, mjini ni karibu na nguzo za umeme zimekwisha fika. Mfanyabiashara mwenye akiba ya miaka kumi huona amebahatika. Safu hii inamshauri asitoe hata shilingi moja kabla ya kujua mita 60 za mto zinaishia wapi.

Sheria iko wazi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataja ardhi hatarishi kuwa ni pamoja na mikoko, ardhioevu, na eneo lililo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita hizo hizo 60. Nyumba ya matofali ni shughuli ya kudumu, na hakuna wakili wa kuibadilisha jina. Isitoshe, wanunuzi wengi hushika mita 60 tu wakasahau kwamba ardhioevu yenyewe nayo imetajwa. Kiwanja kinaweza kuwa mbali na mto na bado kikawa ndani ya tindiga.

Tupige hesabu kwa mfano. Kiwanja cha mita 20 kwa 40 kinauzwa shilingi milioni 16. Hizo ni mita za mraba 800, yaani shilingi 20,000 kwa kila mita. Jirani, huko mlimani, kiwanja cha ukubwa huo huo kinauzwa milioni 24, sawa na shilingi 30,000 kwa mita. Cha bondeni kinaonekana nafuu kwa theluthi. Lakini fundi wa upimaji akifika na kukuta mita 25 za urefu wake zimo ndani ya zile 60, eneo la kujenga linabaki mita 15 kwa 20, yaani mita za mraba 300. Gawanya milioni 16 kwa 300: umelipa zaidi ya shilingi 53,000 kwa kila mita unayoruhusiwa kujenga. Hapo bado hujanunua lori la kwanza la kifusi.

Kifusi nacho si dawa. Ardhioevu ni ghala la maji: hupokea mvua nyingi kwa mara moja na kuitoa polepole. Ukilijaza udongo, maji hayapotei, yanahamia kwa jirani. Jirani naye ataleta kifusi chake, na masika yajayo maji yatarudi kwako yakiwa juu zaidi. Kila mmoja amelipa, na hakuna aliyenunua usalama.

Soko la Dar es Salaam limekwisha liona hili kwa macho. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande. Desemba 2015 ubomoaji ukaanza katika bonde la Msimbazi. Nyumba zikaangushwa na nyingine zikapakwa alama nyekundu ya X. Hata fedha kubwa hazikusalimika. Karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa Jangwani ilifurika mara kadhaa, na mwaka 2018 mabasi yakaharibika. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde hilo. Bonde lililojengwa kwa viwanja vya bei poa sasa linarekebishwa kwa deni la taifa.

Wako wanaosema mita 60 ni nyingi mno kwa mji ambao viwanja vyake vina upana wa mita 20, na kwamba kijito cha mtaani hakistahili kipimo kimoja na mto Msimbazi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mahali pake ni bungeni na kwa wataalamu. Mwenye kiwanja hawezi kujipunguzia kipimo kwa tofali zake kisha akategemea mahakama imhurumie.

Lawama ya safu hii iko kwingine. Sheria ni nzuri, ila namna inavyomfikia mwananchi ndiyo mbaya. Mnunuzi huikuta ikiwa rangi nyekundu ukutani, baada ya msingi, lenta na bati. Wakati huo aliyeuza amekwisha ondoka na fedha, dalali amechukua chake, na aliyeshuhudia mauziano amepokea ada yake. Hasara yote inabaki kwa mtu mmoja, tena yule aliyekuwa na habari chache kuliko wote. Ukingo wa mto nao hauketi mahali pamoja: mvua kubwa hukata udongo, na aliyekuwa mita 70 mwaka jana anaweza kujikuta mita 55 mwaka huu. Bila jiwe la mpaka, hata mnunuzi mwaminifu hana pa kuanzia kupima.

Dawa yake haihitaji sheria mpya. Mamlaka za mazingira, mabonde ya maji na halmashauri zipime mita 60 kwenye mito inayojulikana, Msimbazi, Kizinga, Mzinga, Tegeta na Mpiji, zisimike mawe, na ramani ibandikwe kila ofisi ya serikali ya mtaa. Kiongozi wa mtaa asishuhudie mauziano ya kiwanja kilicho ndani ya mawe. Gharama ya jiwe la zege ni ndogo sana ukilinganisha na ya tingatinga, askari na kesi.

Na asidhani mtu kwamba hati ni kinga. Nairobi, Agosti 2018, majengo ya biashara ya Ukay Centre na South End Mall yalibomolewa kwa madai ya kuwa kwenye hifadhi ya mto. Hayo hayakuwa vibanda. Yalikuwa majengo yenye wapangaji. Uganda, ambayo katiba yake ya mwaka 1995 inaiweka ardhioevu chini ya dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi, iliamua mwaka 2014 kufuta hati zilizotolewa ndani ya ardhioevu baada ya mwaka huo wa 1995. Upepo wa Afrika Mashariki unavuma upande mmoja.

Kwa mwekezaji mdogo, mambo manne yanatosha kwa sasa. Kwanza, kagua kiwanja wakati wa masika, au waulize majirani maji hufika wapi ukutani. Pili, lipa mpima ardhi aliyesajiliwa apime kutoka ukingo wa mto kabla hujalipa arubuni. Tatu, fanya upekuzi rasmi kwa msajili wa hati. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa si hatimiliki. Nne, andika katika mkataba kwamba muuzaji atarudisha fedha zote iwapo kiwanja kitaonekana kimo ndani ya eneo lililokatazwa. Muuzaji akikataa sharti hilo, amekwisha kujibu swali lako.

Wenye mikopo wakumbuke jambo moja zaidi. Nyumba ikibomolewa, dhamana ya benki imekwenda, lakini deni halibomoki. Marejesho yataendelea kudaiwa kila mwisho wa mwezi, juu ya kiwanja ambacho wenyeji wake wa zamani, maji na matete, wamekwisha kirudia.