Lori la waya nalo lipewe maksi

JICHO LA KATAVI
Na Anastazia Kalunde

Shule zikifungwa mwezi Juni, vichochoro vya Makanyagio na Kawajense, hapa Mpanda, hujaa malori. Ni malori ya waya, ya maboksi, ya madumu ya mafuta yaliyokatwa ubavu. Wanaoyaendesha ni watoto wa darasa la nne, la tano na la sita, na ukiyatazama kwa makini utaona hakuna mawili yanayofanana. Hili lina pua ndefu ya kizamani, lile uso wake umekatwa wima kama Scania za siku hizi. Moja limefungwa tela la ekseli tatu, jingine lina kichanja cha kubebea magunia, kwa sababu msimu wenyewe ni wa mpunga na ndicho mtoto anachokiona kikipita. Nimeyatazama magari haya miaka mingi na leo nitalisema ninaloliamini: kazi hii ni usanifu wa mitambo, na shule za Katavi zinapaswa kuipokea, kuipima na kuipa maksi.

Anza na usukani. Mtoto hainami kusukuma gari lake. Anachukua waya mrefu unaomfika kifuani, juu anaukunja duara, chini anaufunga kwenye ekseli ya mbele. Ekseli hiyo haikukazwa kwenye chasisi. Imeshikwa katikati na kitanzi kimoja kinachoiachia nafasi ya kugeuka. Akizungusha mkono kulia, magurudumu yanageuka kulia na gari linakata kona. Kitanzi kikilegea, gari linayumba. Kikibana, linagoma kugeuka na linapinduka kwenye jiwe la kwanza. Kati ya kulegea na kubana kuna kipimo ambacho mtoto anakipata kwa vidole, akikaza na kulegeza mpaka gari limtii.

Nenda nyuma. Wapo wanaoweka springi, vipande vyembamba vya bati la kopo vilivyopangwa kimoja chini ya kingine, kirefu juu na vifupi chini, vikafungwa katikati kwa waya. Ndivyo springi za lori la kweli zilivyopangwa. Mtoto ameona hilo kwa kulala chini ya lori lililoegeshwa gereji, huku watu wazima wakimfukuza. Akirudi nyumbani anatafuta bati la kopo lenye kupinda bila kukatika, na hapo amekwisha kuanza kuchagua malighafi kwa tabia yake: waya wa kufungia nondo kwa sababu ni laini, seng'enge kwa chasisi kwa sababu ni ngumu, soli ya ndala kwa tairi kwa sababu inashika ardhi, utepe wa mpira wa baiskeli kwa kufungia kwa sababu haupwayi.

Lakini jambo linalonigusa kuliko yote ni uwiano. Kizibo cha soda kina upana wa milimita 30 na ushei. Tairi la lori kubwa lina kimo cha mita 1 hivi. Kwa hiyo mtoto anayeamua kutumia vizibo kama magurudumu ameamua pia, hata asipolitamka, kwamba lori lake litakuwa dogo mara 32 hivi kuliko la kweli. Lori na tela lake la mita 16 linatakiwa kutoka na urefu wa nusu mita. Mwenzake anayekata magurudumu ya sentimita 7 kwenye soli ya ndala amejiingiza kwenye kipimo cha moja kwa 14, na lori lilelile sasa litapita mita 1. Akikosea, utaona mara moja: kichwa kikubwa juu ya magurudumu ya panya, au kinyume chake, na wenzake watamwambia bila huruma kwamba hilo si Scania.

Viwanda vinavyouza magari madogo ya kuunganisha vinatumia vipimo hivyohivyo. Airfix ya Uingereza imeuza magari ya moja kwa 32 kwa miongo kadhaa. Tamiya ya Japani ina malori ya kuendeshwa kwa rimoti, Scania ikiwemo, ya moja kwa 14. Kiwandani kipimo huchaguliwa kwanza, gurudumu likatengenezwa kukifuata. Kawajense gurudumu linaokotwa kwanza, na kila kitu kingine kinatafutwa kutokana nalo: upana wa kabati, kimo cha bampa, umbali kati ya ekseli na ekseli. Mwalimu wa hisabati anayehangaika kufundisha uwiano kwa mifano ya maembe na machungwa ana mfano bora zaidi umeegeshwa nje ya dirisha lake.

Sasa kuna jambo ambalo wazazi wengi tunaliadhibu. Mtoto ananunuliwa gari la plastiki dukani, linalong'aa, lenye betri na muziki. Wiki haijaisha limefumuliwa. Magurudumu yamehamia kwenye basi la boksi, mota imefungwa kwenye ekseli ya lori la waya, taa mbili nyekundu zimekuwa taa za breki za tela. Bodi imetupwa chini ya kitanda. Mzazi akiona hayo anachukua fimbo, kwa sababu pesa yake imevunjwa vipande. Mimi nasema pesa hiyo ndiyo kwanza imeanza kufanya kazi. Gari la dukani lilimfundisha mtoto kubonyeza kitufe. Lilipofumuliwa likamfundisha kwamba mota ikigeuziwa nyaya inazunguka kinyume, kwamba gurudumu kubwa likifungwa kwenye mota ndogo, mota inalemewa, na kwamba kifaa kilichotengenezwa kwa gari moja kinaweza kulazimishwa kukaa kwenye gari jingine kama umekipimia nafasi yake.

Kuna nchi ambako kitendo hicho hicho ni fani yenye heshima. Marekani, kampuni ya AMT ilianza mwaka 1958 kuuza seti za vipande vya plastiki ambazo mnunuzi aliweza kuziunda kwa namna tatu: gari lilivyotoka kiwandani, gari la mashindano, au gari lililobadilishwa kwa matakwa yake. Vipande vilivyobaki havikutupwa. Vijana waliviweka kwenye maboksi, wakachukua injini ya seti hii, bampa ya seti ile, wakaunda gari ambalo hakuna kiwanda kilichowahi kulifikiria. Mafundi walioziunda meli za angani za filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 walifanya vivyo hivyo, wakinunua seti za vifaru na magari ya mashindano na kubandika vipande vyake kwenye sanamu zao mpaka zikaonekana mashine za kweli. Hakuna aliyewachapa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa zamani kidogo. Mwaka 1930 kampuni ya General Motors, kupitia tawi lake la Fisher Body, ilianzisha chama cha vijana mafundi. Mwanzoni waliwapa kazi ya kuunda nakala ndogo ya gari la farasi la kifalme, na kuanzia mwaka 1937 wakawaomba wabuni magari yao wenyewe, madogo, kwa mbao na chochote walichoweza kuchonga. Zawadi zilikuwa fedha za kusomea chuo kikuu. Mwaka 1947 mmoja wa washindi alikuwa kijana anayeitwa Chuck Jordan. Miaka miwili baadaye akaajiriwa na General Motors, na mwaka 1986 akawa makamu wa rais wa kampuni hiyo anayesimamia usanifu wote. Mashindano yale yalidumu mpaka mwaka 1968, na vijana wengine kadhaa waliotokea humo walikuja kuchora magari ambayo mamilioni ya watu waliyapanda. Kampuni kubwa kuliko zote za magari wakati huo iliona faida ya kutazama kwa makini alichokishika mtoto mkononi. Walikosea jambo moja kubwa: yalikuwa mashindano ya wavulana peke yao. Nitalirudia hilo.

Najua hoja za upande wa pili, na nyingine ni za kweli. Bati la kopo linakata vidole. Betri za simu zilizovimba zinaweza kuwaka moto, na mtoto hatakiwi kuzichokonoa kabisa. Dampo lina vioo na sindano. Wazazi wana haki ya kuhofia. Lakini hatari hizo zinaondolewa na mtu mzima anayekaa karibu, anayemwonyesha mtoto kukunja ncha ya bati kabla ya kulishika na anayemtengea makopo safi nyumbani kabla hajayafuata jalalani. Kumkataza hakuziondoi, kunampeleka akaunde gari lake mahali usipomwona.

Hoja nyingine ni kwamba haya ni ya utoto, yanaisha. Yanaisha kweli, na ndilo linaloniuma. Yanaisha darasa la saba, kwenye umri uleule ambao mkono umekwisha kukomaa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali sekondari, na mitaala mipya ilianza kutekelezwa Januari 2024. Nchi imesema wazi kwamba inataka mikono. Mwalimu Nyerere alikuwa amelisema hilo mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Kinachokosekana shuleni, kila mara, tunaambiwa ni vifaa na karakana. Ninakubali kwamba huwezi kufundisha uchomeleaji bila mashine. Lakini uwiano, michoro, kona, uzito, mwendo, mota na taa vinaweza kufundishwa kwa waya wa kufungia nondo na koleo moja kwa kila watoto wanne, na mtoto akafika kwenye mkondo wa amali, au chuo cha VETA hapa Mpanda, akiwa na miaka kadhaa ya kazi nyuma yake.

Na nchi hii si ngeni kwa ndoto ya gari. Kibaha lipo Shirika la Nyumbu, lililoanzishwa mwaka 1985 kwa ajili ya teknolojia ya magari. Mwaka 2022 mchora katuni Masoud Kipanya aliwaonyesha Watanzania gari dogo la umeme lililoundwa hapa hapa nchini. Tembelea gereji yoyote ya Mpanda utakuta fundi amerefusha chasisi ya Canter, au amechomelea bodi ya kubebea mizigo nyuma ya pikipiki ya matairi matatu, kwa vipuri vya magari ambayo hayakuwahi kukutana kiwandani. Muulize fundi huyo alianzia wapi.

Kwa hiyo ninaleta pendekezo, na ninalipeleka kwa maofisa elimu wa Manispaa ya Mpanda na wa halmashauri za Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe. Tangu mwaka 2019 tuna mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, ambayo yana nafasi ya shule za msingi. Katavi ianze mchujo wake kwa magari ya watoto, kila likizo ya Juni, barabara zikiwa kavu. Sheria ziwe chache na kali. Kisinunuliwe kipya chochote zaidi ya waya na gundi. Kila mtoto alete karatasi moja aliyoichora mwenyewe, yenye vipimo, na aseme gari lake ni dogo mara ngapi kuliko la kweli. Aeleze kila kipande kimetoka wapi: mota ya redio gani, magurudumu ya nini, bati la kopo gani. Gari liendeshwe kwenye njia yenye kona, tuta na mzigo wa kilo moja ya mchele, maana gari lisilobeba kitu si gari la Katavi. Anayetaka kuunda treni aunde treni. Reli ya kutoka Kaliua imefika Mpanda tangu mwaka 1950, kilomita 210 zilizojengwa kwa ajili ya madini ya risasi, na makopo ya samaki yaliyopangwa vizuri ni mabehewa tosha. Watoto wa Karema wakileta boti ya ziwani, tuwatafutie beseni la maji.

Majaji wasiwe viongozi waliokuja kukata utepe. Awepo fundi wa gereji, dereva wa lori la masafa marefu, mwalimu wa hisabati na mwalimu kutoka VETA. Dereva atajua kama kioo cha pembeni kimekaa mahali pa kweli.

Na wasichana waingie tangu siku ya kwanza, kwa idadi sawa kutoka kila shule. Si kwamba hawajui. Binti anayesuka ukili, anayekadiria kitenge kimoja kitoe gauni mbili za mwanasesere wake, anapima na kukata vizuri kuliko wengi. Tunachomnyima ni koleo, na saa mbili za mchana ambazo kaka yake anapewa bure wakati yeye yuko bombani na dumu la maji.

Maksi zipatikane shuleni, ziandikwe kwenye ripoti ya muhula kama zinavyoandikwa za somo jingine lolote. Washindi wasipewe mpira wala madaftari. Wapewe koleo, tupa, bisibisi, rula ya chuma na mkasi wa bati wenye vishikio vizuri, vifaa ambavyo mtoto wa mkulima hawezi kujinunulia na ambavyo havitaisha mwaka huu. Magari yao warudishiwe jioni ileile, yasifungiwe kabatini mwa ofisi kwa ajili ya wageni, kwa sababu mengi yatakuwa yameazima magurudumu ya gari la rafiki, na mwenyewe atakuwa anayasubiri kesho yake.