Mazungumzo ya Jamaa: Keya Waliovuka Bahari

Asia ikitajwa nyumbani mwetu hapa Bariadi, vijana huwaza bidhaa za dukani, au kazi za Uarabuni. Ni wachache wakumbukao ya kuwa watu wa nchi hii walikwisha kukaa Asia, wakafanya kazi na kusafiri huko, kabla baba zao hawajazaliwa. Hao ni askari wa King's African Rifles, ambao wazee waliwaita Keya. Katika vita vya mwaka 1939 hata 1945, watu wapata 87,000 wa Tanganyika waliingia jeshini, na Wasukuma miongoni mwao. Wengine walikwenda kwa hiari yao, wengine walitwaliwa kwa nguvu ya sheria.

Mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipelekwa Seloni, ndiyo Sri Lanka ya leo. Ndani yake mlikuwa na vikosi viwili vya Tanganyika, cha 26 na cha 36. Huko walifundishwa vita vya mwituni. Fikirini mtu wa mbuga za Simiyu, aliyezoea kumtambua ng'ombe wake toka mbali, akifundishwa kuishi mahali ambapo macho hayapenyi hatua kumi mbele.

Wako na wasiofika. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama upesi sana. Watu 1,297 walikufa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Majina yao yameandikwa Nairobi. Lakini jamaa zao hawakupata kaburi la kulilia.

Katikati ya mwaka 1944 divisheni iliingia Burma, iitwayo sasa Myanmar. Toka Agosti ilishuka bonde la Kabaw wakati wa masika makuu, bonde lililosifika kwa malaria hata likaitwa Bonde la Mauti. Njia ziligeuka tope, magari yakakwama, na chakula kikaangushwa kwa ndege. Kila siku askari walimeza vidonge vya kuzuia homa, navyo viligeuza ngozi kuwa ya manjano. Walakini walikwenda mbele. Mwanzo wa Desemba Kalewa ulitwaliwa, na juu ya mto Chindwin likatandikwa daraja la chuma la futi 1,154, refu kuliko yote ya namna yake wakati ule.

Kazi hiyo ilifanywa na watu wa makabila mengi, toka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kiswahili kiliunganisha wengi wao. Wengine walijifunza kusoma na kuandika huko huko jeshini, wakifundishwa na Waafrika wenzao waliotoka shuleni. Mwalimu asiudharau ubao wake: hata kambini penye vita, palipatikana watu waliotaka kujua herufi.

Wahenga wamenena, Tembea uone, nao waliona. Walimwona Mzungu akiogopa na kuugua kama wao. Waliona watu wa Bara Hindi wakidai kujitawala. Tena waliona ya kuwa Mwafrika alilipwa mshahara mdogo kuliko askari Mzungu, ingawa mvua na risasi hazikuchagua. Waruhiu Itote wa Kenya alikuwa Burma, na mwaka 1967 alitoa kitabu cha maisha yake. Abdulwahid Sykes wa Dar es Salaam alikuwa askari huko, kisha akawa kiongozi wa TAA, chama kilichozaa TANU tarehe 7 Julai 1954. Basi mtu aliyekaa ugenini harudi na sanduku tu. Hurudi na maswali, nayo maswali hayo huweza kubadili nchi.

Lakini habari za wengi wasio na sifa hazikuandikwa. Askari aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1944 angekuwa leo amepita miaka mia. Watoto wake nao wamezeeka. Nishani yaweza kuuzwa kama chuma chakavu, na cheti cha jeshi kuliwa na mchwa, maana hakuna nyumbani ajuaye ni kitu gani. Mambo hayo yakipotea, hatuna duka la kuyanunua.

Kwa hiyo twawasihi, enyi baba na mama: jioni moja waulizeni wazee, Ni nani wa ukoo wetu aliyekwenda Keya? Alipanda meli wapi? Alirudi na nini, au hakurudi? Yaandikeni majibu katika daftari, pamoja na jina la aliyesema na siku aliyosema. Nanyi walimu, wapeni watoto swali hilo wapeleke nyumbani. Hawatapata somo la historia lililo karibu nao kuliko hilo. Na kijana wenu akienda leo nchi ya mbali kutafuta kazi, mwambieni aandike yale ayaonayo, mazuri na machungu, asilete fedha tu.